Bodi ya kwanza ya tanga kwa Ziwa Nyasa: nichukue ipi kati ya hizi tatu?

Mnunua Kakao (Uyole, Mbeya)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mkazi wa Uyole. Msimu wa kakao kazi inanishusha Kyela karibu kila wiki, na nikimaliza mizani Jumamosi naishia Matema. Dada yangu yuko Unguja. Nilipomtembelea alinipeleka Paje nikalipia mafunzo ya bodi ya tanga. Siyo ile ya kuvutwa na tiara angani, nasema ile yenye mlingoti uliosimama juu ya bodi yenyewe. Nilijifunza kusimama, kunyanyua tanga kwa kamba, kwenda na kurudi kwenye maji ya kiunoni. Bodi niliyopewa ilikuwa pana kama mlango, karibu niifanyie chakula cha mchana juu yake.

Sasa nataka yangu. Nina kilo 68, kuogelea najua, gari ninalo Noah. Nimepata tatu, zote za mtumba:

Ya kwanza iko Dar, Mbezi Beach. Ujazo lita 105, urefu mita 2.45, inang'aa kama haijaguswa, na tanga la mita za mraba 5.8, mlingoti na bumu, ule mti wa kushikia tanga. Milioni moja na laki mbili. Muuzaji kaniambia "hii ni ndogo na nyepesi, ndiyo inayomfaa dada".

Ya pili iko Dar pia, kwa mzee mmoja wa Kizungu anayehama nchi. Mistral ndefu ajabu, mita 3.72, rangi imepauka, katikati ina pezi linaloingia na kutoka kwenye mwanya. Matanga mawili, moja 7.4 na jingine 4.7. Vyote laki saba.

Ya tatu iko Iringa mjini. Ni ile ya kujaza upepo kwa pampu, ya kusimama na kupiga kasia, ila ina tundu la kufungia mlingoti. Milioni moja, bila tanga.

Moyo wangu uko kwenye ya kwanza kwa sababu naweza kuibeba peke yangu. Wenye uzoefu nisaidieni. Natanguliza shukrani.

---

Baba T

Kumbe hela zetu za kakao ndiko zinakoishia. Endelea tu dada, ila wiki ijayo nakuja kukagua huo mzani.

---

Paje Kusi

Chukua ya kwanza. Lita 105 utakua nayo. Hizo kubwa utazichoka ndani ya msimu mmoja halafu uanze kutafuta wa kumuuzia, na huko Mbeya utamuuzia nani? Ukianza na ndogo unateseka mwanzoni lakini unajua haraka. Mistral ya zamani ni ya makumbusho.

---

Fundi Faiba (Kyela)

Mleta mada, salamu. Mimi mzaliwa wa Pangani, fundi wa faiba, siku hizi niko Kyela naziba boti na matangi ya maji. Bodi za tanga nilizijulia Dar: wageni walizileta zimepasuka, nazitengeneza, kisha nazijaribu kabla wenyewe hawajaja kuzichukua. Kwa hiyo nazijua kwa nje na kwa ndani, hasa kwa ndani.

Paje Kusi, ndugu yangu, usinune, ila ushauri wako unamfaa mtu wa Paje.

Tuanze na hesabu, maana huyo wa Mbezi Beach anauza kwa maneno. Lita moja ya bodi inabeba kama kilo moja. Wewe 68. Bodi ya aina hiyo yenyewe kama 7. Mlingoti, bumu na tanga likishalowa, weka 9. Jumla 84. Kwenye lita 105 umebakiwa na 21. Hizo 21 ndizo pekee zinazokuweka juu wakati umesimama, bodi haijaenda popote, unavuta kamba na tanga limejaa maji. Sogeza mguu kidogo tu, upande mmoja umezama. Halafu haya maji yetu hayana chumvi. Bahari inabeba zaidi, kama asilimia mbili na nusu hivi. Si nyingi, lakini mtu mwenye 21 za akiba hana za kugawa.

Wanaotumia lita 105 hawasimami juu yake ikiwa imetulia. Wanajilaza majini, wanaweka tanga sawa, upepo unawanyanyua, na bodi inapata nguvu ya kuwabeba kutokana na mwendo wake. Hilo linataka upepo wa kilomita 28 kwa saa kwenda juu, na linataka ufundi ambao hukufundishwa kwenye maji ya kiunoni. Ukiwa na upepo wa kilomita 15, ambao ndio wa kujifunzia, bodi hiyo itakukalisha majini mchana kutwa.

Mimi kwa mtu anayeanza nachukua uzito wake, naongeza lita mia. Kwako ni 168 na kuendelea. Shule nyingi huwaweka watu wazima kwenye 180 hadi 220, kwa hiyo siitungi kichwani mwangu. Upana nao utazame. Urefu unazuia omo, yaani mbele, isichimbe maji, na tezi, yaani nyuma, isikae chini. Upana ndio unaozuia kupinduka ubavuni. Bodi za kisasa za mafunzo zina sentimita 80, 90, hata 100 kwa upana. Ile ya Paje uliyoipenda ndiyo hiyo.

Sasa niseme lile ambalo wauzaji hawaligusi. Pezi la katikati.

Kwetu Pangani mtoto akianza kwenda na ngalawa, swali la kwanza la wazee ni je, anajua kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo? Kwenda demani na upepo mgongoni kila mtu anaweza, hata gogo linaweza. Kazi ni kurudi joshi, upande upepo unakotoka, hadi pale ulipoanzia. Bodi ndogo inabisha kwa pezi lake la nyuma, lakini ikiwa na kasi tu. Mwanafunzi hana kasi. Akiwa polepole bila kitu cha katikati cha kushika maji, bodi inateleza ubavu. Unadhani unakwenda sambamba na ufukwe, ukigeuka kutazama, mahali ulipoacha viatu hupaoni tena. Ukiteremsha pezi la katikati bodi inashika njia yake, na juu yake inatulia chini ya miguu.

Paje ukishateleza ukachoka unashuka, maji yako kiunoni, unatembea na bodi yako ukiivuta hadi ulipoanzia. Matema huna anasa hiyo. Upande wa milima ya Livingstone ukienda mbali kidogo na mchanga kina kinashuka haraka, na ziwa hili mahali pake pa chini kabisa lina kama mita 700. Hakuna wa kukufuata na boti ya injini. Kwa hiyo mimi nikimchagulia mtu bodi ya Nyasa, siulizi inakwenda kasi gani. Nauliza: akiwa amechoka, upepo umelegea, inaweza kusimama chini yake na kumrudisha?

Ya kwanza haiwezi. Ya pili inaweza. Hiyo Mistral ya mita 3.72, kama ni ile ninayoifikiria, ndiyo iliyoshindaniwa Olimpiki za 1996, 2000 na 2004. Mwaka 1996 kule Atlanta, Lee Lai-shan aliichukulia Hong Kong dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki akiwa juu ya bodi hiyo. Dada kama wewe, juu ya bodi ya mita 3.72. Mpelekee habari hiyo yule wa "ndogo ndiyo inayomfaa dada".

Kasoro zake nisizifiche. Ni nyembamba kuliko za kisasa, sentimita sitini na kitu, kwa hiyo mwanzoni itakuyumbisha ubavuni kuliko ile ya Paje. Ni nzito. Na ni ndefu, kugeuka kunataka subira. Ungepata bodi pana ya mafunzo yenye lita 200 na pezi la katikati ningekwambia hiyo bila kupepesa. Techno 293 kwa mfano, sentimita 293 kwa 79, lita 205, vijana wengi duniani wamekulia juu yake, na za mtumba huzunguka. Lakini kati ya hizo tatu, kwa laki saba, mimi nakwenda kwa mzee.

Tanga la 7.4 libaki kwenye mfuko wake. Tumia 4.7, na ikitokea ukapata 4.0 nyepesi, chukua. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu kwenye tanga inaongezeka mara nne. Ndiyo maana mtu anatoka ufukweni anacheka, baada ya nusu saa anaomba.

---

Paje Kusi

Sijanuna mkuu. Sikujua kama hakuna boti ya kumfuata. Hapo kwenye pezi la katikati nimekubali. Ila bado nasema ataichoka.

---

Fundi Faiba

Akiichoka atakuwa anajua. Hapo ndipo anunue hiyo 105.

---

Mwana Matema

Fundi kasema ya bodi, mimi niseme ya ziwa, maana nimezaliwa hapa na ndugu zangu wako majini kila siku.

Dada, huku kwetu ni ncha ya kaskazini ya ziwa. Kuanzia kama Mei hadi Agosti upepo mkubwa unatoka kusini-mashariki. Wenzetu wa Malawi wanauita Mwera. Unakuja na ziwa zima nyuma yake, kilomita zaidi ya mia tano, ndiyo maana mawimbi yakifika hapa yamekomaa. Uzuri wake unakusukuma nchi kavu. Ubaya wake ni kutoka: utasimama ufukweni na tanga lako, wimbi linakupiga magoti, bodi inakurudia kwenye mifupa ya miguu. Siku za hivyo mgeni asijaribu. Subiri siku upepo unatoka ziwani lakini umelegea, mitumbwi midogo inatoka bila wasiwasi.

Asubuhi na mapema usiingie hata kama maji yanakuvutia. Upepo wa alfajiri unashuka kutoka milimani kwenda ziwani. Ufukweni huusikii kwa sababu ya miti, ukienda mbele unaukuta, na wenyewe hauna safari ya kurudi. Ngoja jua lipande, ziwa libadilike.

Mahali: kaa mbali na mdomo wa mto Lufilyo. Mamba. Sitanii na wala sitaki kukutisha, watoto wetu wanaoga ufukweni kila siku, lakini mito inapoingia ziwani ni kwao. Mvua za Machi na Aprili mto unaleta magogo na tope, hapo hata mimi siendi.

Siku ya gulio la Lyulilo mitumbwi ya vyungu inatoka Ikombe, imejaa hadi ukingoni. Tafadhali usijifunzie njiani mwao. Mama wa Kikisi akivunjikiwa vyungu kwa sababu yako, hiyo hesabu haitaishia kwenye bei ya vyungu.

Na kichocho, kipime. Dawa ipo, praziquantel, ni suala la kwenda kituo cha afya tu. Ukiwa mtu wa kukaa majini mara kwa mara usingoje dalili.

---

Chai Mufindi (Mafinga)

Nimesoma uzi huu nikaingiwa na tamaa. Sisi wa Mufindi na Iringa je? Kuna maji ya Ngwazi hapa karibu, na bwawa la Mtera siyo mbali kutoka Iringa. Bodi hii inaweza kwenda huko?

---

Fundi Faiba

Mtera sahau. Lile ni bwawa la umeme, lilipojazwa maji yalifunika miti, na miti mikavu bado imesimama, mingine iko sentimita chache chini ya uso wa maji. Pezi la katikati likigonga kisiki ukiwa na mwendo, wewe utatangulia mbele na pezi litabaki. Juu ya hayo kuna viboko na mamba.

Ngwazi inaonekana tamu kwa macho, ila iko juu, maji baridi, na misitu na chai vimeizunguka. Upepo ukipita juu ya miti unakuja vipande vipande: dakika unavutwa, dakika unaangukia nyuma kwa sababu tanga halina kitu. Mtu anayejua anaweza kufurahi. Anayeanza atajifunza kuanguka. Ukiamua kwenda, omba ruhusa kwa wenye eneo kwanza, na vaa nguo nzito ya kuogelea.

---

Chai Mufindi

Basi nitashuka Matema na mimi. Dada Mnunua Kakao, nafasi ya kuazima bodi naiweka mapema.

---

Mnunua Kakao

Ndaga fijo wote. Baba T mzani wangu ni halali, njoo hata kesho.

Fundi, umenitoa kwenye ya kwanza. Nimempigia mzee wa Mistral, anasema nije wakati wowote kabla ya mwisho wa mwezi. Maswali yangu: mtu kama mimi nisiyejua faiba nitaikaguaje? Mita 3.72 nitaitoaje Dar hadi huku? Na hii ya kujaza upepo, ndiyo haifai kabisa? Maana Iringa napita.

---

Fundi Faiba

Naanza na ukaguzi, maana hapo ndipo pesa hupotelea.

Kwanza ipime uzito. Wewe ni mtu wa mizani, hili unaliweza kuliko wengi. Bodi hii kavu ni kama kilo 15 na kitu. Ukikuta imepita 20, imekunywa maji. Bodi ikishalowa ndani kukauka ni kazi ya miezi, na mara nyingi haikauki yote.

Pili, igonge. Chukua sarafu au kifundo cha kidole, gonga juu kuanzia omo hadi tezi, hatua kwa hatua, hasa unaposimamisha miguu na kuzunguka mlingoti. Bodi nzima inaitika kwa sauti kali, ileile kila mahali. Ukifika mahali sauti inakuwa butu, bonyeza kwa dole gumba. Pakinepa, ngozi imeachana na povu lililojaa ndani. Kakipande kadogo pembeni naweza kukatengeneza. Pakiwa chini ya miguu, na pakubwa kuliko kiganja, acha.

Tatu, mwanya wa pezi la katikati. Literemshe na kulipandisha kwa mguu mara kadhaa, liende mpaka mwisho pande zote mbili. Angalia midomo ya mpira iliyofunga mwanya kwa chini, ikiwa imechanika siyo mwisho wa dunia. Pezi lenyewe liwe halijapinda.

Nne, kiungo cha mpira kinachounganisha mlingoti na bodi. Kikunje kwa mikono miwili, utazame kama una nyufa. Hapa usiwe na huruma. Mpira huo ukikatika katikati ya ziwa, tanga linakwenda kwake na bodi kwake. Ukiona ufa hata mwembamba, badilisha, na pitisha kamba ya akiba sambamba na mpira. Na hakikisha kiungo cha bodi hiyo kipo na kinaingia kwenye reli yake, kwa sababu bodi za zamani zina vifungo vyao, cha kisasa ukinunua huenda kisikae.

Tano, mlingoti uachanishwe vipande viwili mbele yako. Mchanga ukikaa kwenye maungio unashikana, na utaondoka na mlingoti wa mita nne na nusu usiokunjika ukijiuliza uuweke wapi. Tanga litandaze juani uangalie plastiki: ikikunjwa ikapiga kelele ya kukatika na ina mistari myeupe, limekula jua. Juu ya tanga kumeandikwa urefu wa mlingoti linaoutaka. Linganisha na mlingoti unaopewa, kabla hujatoa hela.

Jambo moja la fundi kwa fundi, maana utapata mtu Mbeya atakuambia "faiba ni faiba". Siyo. Hii resini tunayozibia matangi na boti ni ya poliesta. Kama povu lililo ndani ya bodi ni lile jeupe la vidonge vidogo, EPS, poliesta inaliyeyusha. Unaziba tundu la shilingi, asubuhi unakuta shimo la kutosha ngumi. Bodi hiyo itengenezwe kwa resini ya epoksi tu. Mtu akikujia na ndoo ya resini inayonuka kali, mwambie asogee.

Safari. Noah ina kama mita 4.6, kwa hiyo bodi inakaa juu bila shida. Toa mapezi yote, ilaze chali, tumbo juu, weka vipande vya godoro kwenye keria, funga kwa mikanda mipana. Usikaze mpaka inapiga kelele. Iongezee kamba ya mbele, omo ifungwe kwenye bampa, vinginevyo upepo wa lori linalopishana nawe pale Mikumi utainyanyua. Trafiki watakusimamisha, si kwa kosa, watataka kujua ni kitu gani.

Sasa sikiliza hili. Tazama juu ya bodi kama ina skrubu ndogo ya kutolea hewa, kwa kawaida iko karibu na mlingoti. Ukitoka Dar, ifungue. Dar ni usawa wa bahari. Ukipanda Kitonga, ukaja Iringa, Makambako hadi Mbeya, uko kama mita 1,700 juu. Huko hewa ya nje imepungua kwa karibu moja ya tano, na ile ya ndani ya bodi bado ni ya Dar, inasukuma. Weka na jua la mchana linaloipasha moto juu ya gari. Bodi iliyofungwa inavimba, ngozi inaachana na povu, na utafika Uyole na bodi yenye tumbo. Nimeshazipasua za hivyo, ndani hakuna cha kuokoa. Kwa hiyo fungua Dar, acha wazi njia nzima, shuka nayo wazi Tukuyu hadi ziwani, kwa sababu Matema uko chini ya mita 500 na hewa itataka kurudi ndani. Ifunge ufukweni kabla bodi haijagusa maji. Ukisahau kuifunga, utaijaza ziwa. Andika kwa peni kwenye mkono kama unajijua.

Ya kujaza upepo. Siyo mbaya, na nimeona watu wakijifunzia vizuri kwenye upepo mdogo. Faida yake unaijua: inakunjwa, inaingia kwenye buti ya basi, haipasuki ikianguka. Lakini angalia vitu viwili. Chini yake katikati kuna mahali pa pezi? Kama ina pezi la nyuma tu, lile la kupigia kasia, itateleza demani na tumerudi kwenye hadithi ile. Na ijazwe mpaka pressure iliyoandikwa kwenye vali, mara nyingi psi 15, kisha uikanyage katikati ikiwa imewekwa juu ya mawe mawili, omo na tezi. Za bei rahisi zinanepa, na mlingoti unasukuma hapohapo zinaponepa. Bila tanga kwa milioni moja, mimi naona muuzaji anajipenda. Ukija nayo huku usiisafirishe imejaa.

---

Baba T

Dada, hiyo skrubu ndiyo imenifanya niamini kwamba uzi huu si wa mchezo. Nikikukuta Kitonga na bodi juu ya Noah nitapiga honi.

---

Mnunua Kakao

Wakuu, nimeongea na mzee tena, kanitumia picha na video. Uzito kapima mbele ya kamera, kilo 17. Kiungo cha mpira ni kipya, bado kina karatasi yake. Mlingoti umeachana vizuri. Skrubu ya hewa ipo. Tatizo moja: pezi la katikati linashuka nusu halafu linakwama. Anasema halijatumika muda mrefu na bei yake ni ileile, laki saba.

Fundi, niende au nisiende? Na jaketi la kuokolea, haya ya kwenye meli yanafaa?

---

Fundi Faiba

Kilo 17 ni nzuri kwa umri wake. Nenda.

Pezi kukwama mara nyingi ni mchanga uliojibana kwenye mwanya, au mpira ulioviringika. Bodi ilazwe ubavu, mimina maji ya sabuni kwa wingi, lichezeshe taratibu mbele na nyuma, mimina tena. Nyundo hapana, bisibisi hapana. Kuta za mwanya huo ni nyembamba, ukizitoboa maji yanaingia moja kwa moja kwenye povu. Likikataa, toa skrubu za kisanduku chake uangalie ndani. Kama ekseli yake imepinda, niletee Kyela, nitaichonga nyingine.

Jaketi la meli linakuziba shingo na kukunyanyua kidevu, ukianguka chini ya tanga halikuruhusu kupiga mbizi kutokea upande wa pili. Tafuta lile fupi la wapiga kasia, la kubana mwilini, lisilofika kiunoni.

Na bei. Laki saba ni ya bodi ambayo pezi lake linashuka. Anza na laki nne na nusu, mwache akupandishe mpaka laki tano na nusu, na usimwambie kama una fundi.

---

Mnunua Kakao

Alhamisi niko barabarani. Mwana Matema, niandalie mahali pa kulaza mita 3.72 pasipo na mbuzi.

---

Mwana Matema

Kuna banda la nyavu la mjomba. Mbuzi hawaingii, ila kuku siwaahidi. Njoo na turubai.